Mstari Mwekundu Chini ya Kicheko Chetu

Tovuti haikupenda tulivyocheka. Niliona hilo Jumamosi moja katika ukumbi wa parokia, hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, nilipomaliza kuandika kwamba siku ya msiba wa nkambo nilivaa salopeti yake, ovaroli ya kazini, na kukohoa kama yeye. Mstari mwekundu ukajichora chini ya sentensi yote. Sikuwa bado najua maana ya rangi hiyo, nikadhani nimekosea herufi. Nikapitia neno kwa neno, na kila herufi ilikuwa mahali pake.

Kwetu Likasi babu ni nkambo, na bibi ni nkambo vilevile. Huyu aliyekufa ni mzee, baba wa mama yangu. Miaka yake yote ya kazi aliitumia katika karakana za kampuni ya shaba, akisuka upya nyaya za mota zilizoungua. Mjane wake bado yuko, na mimi naishi naye.

Mimi si mtu wa kusema. Nilisoma mpaka darasa la sita la msingi, kisha nikabaki nyumbani, na sasa nafanya kazi ya ushonaji na mama mkubwa. Yeye anakata na kuendesha cherehani, mimi natia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Kazi hiyo inanifaa, maana sindano haikuulizi kitu. Kuandika pia naandika hivyo. Naweza kukaa na sentensi moja tangu asubuhi mpaka bukari, ugali wetu, inapoiva, nikaifumua, nikaianza upya. Watu wananionea huruma kwa sababu hiyo. Wabaki na huruma yao. Sentensi niliyoifumua na kuishona tena haifumuki ovyo.

Darasa la Jumamosi ni la vijana walioacha shule mapema. Mwalimu wetu tunamwita Madamu. Siku za juma anafundisha shule ya msingi, darasa lililojaa mpaka dirishani, na Jumamosi anakuja kutufundisha sisi kuandika hadithi, bila mtu kumwambia afanye hivyo. Hakuwa na vitabu vya kutosha. Ndipo akapata kwenye mtandao tovuti iliyotengenezwa kwa ajili ya walimu wanaoongoza wanafunzi kuandika, akaifurahia kama mtu aliyepata msaidizi.

Kila mwanafunzi ana ukurasa wake pale. Juu kuna visanduku vya maswali: nani yumo katika hadithi, yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia. Ukishajibu unaanza kuandika, na tovuti inasoma nyuma yako. Kosa la herufi inalipigia mstari wa buluu. Mahali isipoelewa, au isiporidhika, inapiga mstari mwekundu, na ukibonyeza mstari huo inakuletea sentensi yake ya kuweka badala ya ile yako. Sisi tunaandikia kwenye simu, wasio na simu wanaazimana. Madamu anaziona kurasa zetu zote kwenye kompyuta yake, na kando ya kila jina kuna mti mdogo uliochorwa. Mti unakua kadiri maneno yanavyoongezeka. Mistari yote ikiisha, unatoa maua.

Siisemi vibaya bure. Mistari ya buluu niliikubali karibu yote. Nilikuwa naandika muntu na mutoto, kama tunavyotamka, nikajifunza kuandika mtu na mtoto kama vitabuni, na sikuona nimepungukiwa na kitu. Visanduku pia vilinifaa. Lile swali la anataka nini lilinikalisha siku nyingi na sindano mkononi, kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza nkambo alitaka nini duniani. Mwishowe nikajaza: anataka chai ya moto. Nini kinamzuia? Umeme. Tovuti ikaniandikia kwamba lengo la mhusika ni dogo mno. Nikaliacha hivyohivyo.

Mti wangu haukukua. Wenzangu miti yao ilifika juu ya ukurasa, wangu ulikuwa na majani machache chini. Jirani yangu wa benchi, kijana anayeendesha pikipiki ya abiria, alikuwa anaandika habari ya mchimbaji aliyeokota jiwe linalong'aa kule kwenye machimbo ya Shinkolobwe, na tovuti ilimpenda tangu mstari wa kwanza. Alikuwa akinyoosha shingo kuangalia kompyuta ya Madamu, halafu anageuka kwangu na kuniita yaya, yaani dada.

"Yaya, muti yako ingali sombe. Tuchume tukapike?"

Sombe ni kisamvu, majani ya muhogo. Ukumbi wote ukacheka. Hata Madamu aliuma mdomo. Huwa sijibu, lakini sikuandika haraka zaidi pia.

Jambo lililotufanya sote tuone miti ile ina maana lilikuwa kitabu. Mwisho wa muhula, tovuti ingekusanya hadithi za vikundi mbalimbali na kuzichapa pamoja. Nakala zingeletwa parokiani, na hadithi zetu zingesomwa ukumbini baada ya misa, mbele ya familia. Lakini ilikuwa na sharti moja: unaingia ukiwa na maua. Ukurasa wenye mstari mwekundu haukupokelewa.

Nkambo wangu, yule mjane, alipopata habari hiyo aliitangaza mpaka kwa wauza makala, mkaa wa kupikia. "Muzee atasomwa," aliwaambia. "Mutoto huyu wa kunyamaza, njo yeye atamusomesha." Yeye hajui kusoma, lakini anasikiliza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukimsimulia jambo na kuruka kipande, anakurudisha.

Sasa niseme nilichoandika, ili ieleweke nilichokuwa nakilinda.

Kwetu mtu mzima akifa, watoto wake wanalia na wajukuu wanachokoza. Ni kazi yao, hakuna mwingine wa kuifanya. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanafunga njia mpaka wageni wawape kitu kidogo. Msichana anamwita babu yake bwana yangu, kama mume wake, na bibi yake anamwita mpinzani, kama mke mwenza. Hakuna anayekasirika, na anayekasirika anachokozwa zaidi. Msiba ambao wajukuu wamekaa kimya ni msiba wa mtu aliyeishi peke yake. Watu wanaondoka wakiulizana: kumbe mzee hakuwa na wajukuu? Au alikuwa nao, na aliwafanya nini?

Asubuhi ile ua ulikuwa umejaa. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanaimba chini ya turubai. Binamu zangu walikuwa wameziba mlango wa ua kwa benchi. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya sufuria, mahali pangu pa kawaida. Mama mdogo akaingia na salopeti ya buluu ya mzee na kofia yake ngumu ya karakana.

"Muvalishe huyu," akawaambia binamu zangu. "Yeye njo anamufananaka."

Nilikuwa mwembamba kama yeye, basi. Wakanivalisha kwa nguvu, wakanikunja mikono ya salopeti, wakanisukuma uani. Nilisimama pale watu wakinitazama, na kwa hofu nikakohoa. Ilitoka kama kikohozi chake, kile kifupi alichokitoa kila mara kabla ya kugomba. Kichwa cha kila mtu kiligeuka. Sijui mwili wangu ulifanya nini baada ya hapo, ila niliweka mkono mmoja mgongoni kama alivyokuwa anaweka, nikaenda mpaka kwenye birika la wageni, nikalifunua.

"Maji ya Mwadingusha iko naanguka usiku na muchana," nikasema kwa sauti yake. "Umeme inatoka kule, inapita juu ya kichwa yangu, inaenda kwa wengine. Na minye chai yangu iko baridi! Nani amekunywa umeme yangu?"

Wazee waliofanya kazi naye walipiga magoti yao kwa kucheka. Mmoja alilazimika kuvua miwani. Nikamgeukia nkambo wangu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wajane wenzake. Tangu mwili ulipotolewa hospitali hakuwa ameonja kitu, wala kusema.

"Na weye, mupinzani," nikamwambia, sasa kama mjukuu. "Ulimupikia nini bwana yangu mpaka akakimbia?"

Akainua kichwa. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka miguu.

"Mwizi wa bwana!" akapaza sauti. "Ulikuwa unamuleteaka karanga kila siku, ulizani siko naona? Sasa mukamate! Enda naye, na soksi zake zenye kunuka!"

Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha, akiwa bado anajifuta macho, akaomba uji.

Basi, niliandika hayo. Mimi ambaye siwezi kuomba nafasi kwenye basi, siku ile nilisema mbele ya ua mzima, na nilitaka kuona kama naweza kuyaweka yale maneno mahali yasikotoka. Ndiyo maana nilikwenda polepole. Na chini ya karibu kila sentensi, tovuti iliweka mstari mwekundu.

Nikabonyeza. Maelezo yake yalikuwa haya: hisia za wahusika hazilingani na tukio. Mhusika mkuu anamkosea heshima marehemu. Kisha ikanipa sentensi ya kuweka: sote tulikusanyika tukilia kwa uchungu, nami nikamkumbatia bibi yangu nikimwambia kwamba babu amekwenda mahali pema.

Nkambo wangu hakumbatiwi. Ukimkumbatia anakuuliza kama unataka kuanguka.

Nikampelekea Madamu simu, nikaiweka mbele yake. Alisoma kwa muda. Alipofika kwenye soksi alicheka puani.

"Minye niko najua hii yote," akasema. "Kwetu pia njo vile. Lakini enda uyielezee mashini!"

"Nifanye nini, Madamu?"

"Weka hata machozi kidogo. Mulilia pia, au sivyo?"

"Tulilia kesho yake."

"Basi leta kesho yake hapa."

Nikatikisa kichwa. Akaniangalia, akaona sitasogea, na mwingine alikuwa tayari anamwita upande wa pili. "Acha kwanza," akasema. "Tutaona."

Nikarudi kwenye benchi. Kila mstari mwekundu una kitufe kidogo cha kuupuuza, na ukikibonyeza mstari unafifia, halafu unarudi ukifungua ukurasa tena. Niliipuuza mmoja mmoja. Juma lililofuata mistari ilikuwa imerudi yote. Nikaipuuza tena. Tovuti haikuchoka, nami sikuchoka.

Jumamosi ya kutuma hadithi za kitabu nilichelewa kidogo, kwa sababu mama mkubwa alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Nilipoingia ukumbini wakanipigia makofi. Kijana wa pikipiki alisimama juu ya benchi.

"Yaya! Sombe imetoa maua!"

Kwenye kompyuta ya Madamu, kando ya jina langu, kulikuwa na mti mrefu kama miti mingine, umejaa maua ya waridi. Madamu alikuwa anatabasamu. Nikafungua ukurasa wangu kwenye simu.

Kofia ilikuwepo. Salopeti ilikuwepo, lakini sasa nilikuwa nimeikumbatia nikilia. Birika halikuwepo. Mwadingusha haikuwepo. Wazee wa karakana walikuwa wameinamisha vichwa. Nkambo wangu alikuwa anatetemeka begani mwangu, na wajukuu walikuwa wameketi kimya kando ya ukuta, wakimheshimu marehemu.

Niliisoma yote mpaka chini. Ilikuwa imeandikwa vizuri, nakubali. Haikuwa na kosa lolote. Mwishoni palikuwa na jina langu.

Madamu alikuwa amebonyeza Kubali Yote. Ni kitufe cha mwalimu, sisi hatuna. Tovuti inakiweka pale kwa ajili ya siku ya mwisho, mwalimu anapokuwa na kurasa nyingi na muda mfupi. Hakufanya kwa ubaya. Alitaka tuingie sote, na mimi zaidi ya wote, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyuma muda mrefu. Najua hayo.

Nikaenda mpaka kwenye meza yake.

"Madamu."

"Ee, mama. Umefurahi?"

"Hii si yangu."

"Ni yako. Jina yako iko chini."

"Jina ni yangu. Maneno si yangu."

Nyuma yangu ukumbi ulianza kunyamaza. Hawakuwa wamezoea kusikia sauti yangu. Kijana wa pikipiki akapiga mluzi.

"Yaya, muti imetoa maua na uko nakasirika? Nipe minye basi, nitauza matunda!"

"Nyamaza, weye," Madamu akamwambia. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Sikia. Ile mashini ilitengenezwa mbali. Huko babu akikufa, batu banalia tu. Haijue mambo yetu."

"Basi iandike ya kwao. Ya kwetu iache."

"Mutu wa mbali akisoma yako, atasema hauna heshima."

"Aseme." Maneno yalikuwa yanatoka sasa. "Madamu, nkambo wangu ataikala kwenye kiti hapo mbele. Majirani wataikala naye, wale waliokuwa kwenye kilio. Watasikia kama bajukuu ya muzee waliikala kimya kando ya ukuta. Yeye atasikia kama hakucheka. Nitamwambia nini nyumbani?"

Madamu alikuwa anasugua kona ya kompyuta kwa kidole.

"Na baba yako alipokufa, Madamu? Bajukuu walifanya nini?"

Akainamisha uso. Nilidhani nimevuka mpaka. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

"Binti yangu mukubwa alivaa miwani yake," akasema. "Akaniambia: we mama, punguza kulia, niko nasikiliza habari."

Wawili watatu waliokuwa karibu waliangua kicheko, naye akacheka nao, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Halafu akatazama saa ya kompyuta, na uso wake ukarudi kuwa wa mwalimu.

"Nikirudisha maneno yako, nyekundu inarudi yote. Kitabu kinafungwa leo. Hawatakupokea."

"Na ukiacha hivi?"

"Unaingia."

"Basi nitoe."

"Fikiri kwanza. Nkambo wako ameambia quartier yote, mtaa muzima."

"Nitamwambia mwenyewe. Afadhali asisomwe kuliko kusomwa hivi."

Sikupandisha sauti. Sina sauti ya kupandisha. Lakini nilibaki nimesimama pale, na kila aliyenitazama alijua kwamba sitaketi mpaka litendeke. Kijana wa pikipiki alishuka kutoka kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha mdomoni. "Muache atoke," akamwambia Madamu. "Ya kwangu minye nilidanganya tangu mwanzo, sijaenda hata siku moja Shinkolobwe. Ya huyu ni ya kweli."

Madamu akavuta pumzi, akabonyeza jina langu. Tovuti haikukubali kuniachia hivihivi. Ilifungua dirisha na kuuliza sababu ya kumwondoa mwanafunzi. Akanisomea zilizokuwepo: amehama, ameacha masomo, kazi imenakiliwa, kazi haikumalizika.

"Nichague gani? Haikumalizika?"

"Imemalizika."

"Basi iko moja chini: sababu nyingine. Lakini inataka maelezo." Alinitazama kidogo, kisha akaigeuza kompyuta, akaisukuma kwangu juu ya meza. "Andika mwenyewe."

Sijawahi kuandika kwenye kompyuta. Herufi zimetawanyika, hazifuati mpangilio wowote wa shuleni. Nilitumia kidole kimoja. Nilitafuta N mpaka nikaipata. Nyuma yangu mtu alisema betri inakufa, umeme umeondoka tangu asubuhi, dada fanya haraka, na sisi tunangoja kutuma. Nilisikia. Nikatafuta K. Nilipokosea nilifuta, nikaanza neno upya. Madamu hakunisaidia na hakunisukuma. Alikuwa amekunja mikono, anasoma kila herufi inapotokea.

Niliandika: Nkambo wangu alikuwa na wajukuu.

Mstari mwekundu ukatokea hapohapo. Nikaubonyeza kuona itasema nini. Ilisema jibu hili halihusiani na swali.

Nikabonyeza tuma.